Kufuata mzigo Guangzhou, China: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nauza mapazia na vitambaa vya nyumbani Kariakoo. Kila tunapokaribia mwezi wa nne na mwezi wa kumi, watu hunijia dukani na maswali yaleyale. Wengine wana pesa ya kikoba mkononi, wengine wameshakata tiketi ndipo wanauliza. Majibu yangu yote nimeyaweka hapa. Nimeandika kama mtu wa vitambaa, lakini mwenye vyombo, viatu au vifaa vya umeme ataona mambo ni yaleyale.

Mtaji wangu ni mdogo. Niende mwenyewe au niagize kwa simu?

Piga hesabu kwanza. Jumlisha nauli, viza, hoteli, chakula, treni, mkalimani, hata vocha za simu. Tuseme jumla ni shilingi milioni 6. Ukirudi na mapazia 600, kila pazia limebeba 10,000 ya safari kabla hujaongeza bei ya kiwandani, meli wala ushuru. Ukirudi na mapazia 2,000, kila moja limebeba 3,000. Mteja wa Kariakoo hajali kwamba ulipanda ndege. Anaangalia duka la jirani linauza bei gani.

Safari ni gharama ya bidhaa, sawa na ushuru. Mzigo ukiwa mdogo, agiza kupitia mtu unayemwamini aliyeko kule, au ungana na wenzako wawili watatu, mmoja aende kwa niaba ya wote mkigawana gharama kwa maandishi. Nenda mwenyewe pale mzigo unapoweza kuibeba safari, au pale unapobadilisha bidhaa na huna budi kuigusa kwa mkono. Kitambaa, kwa mfano, picha haikwambii chochote.

Mwezi gani ni mzuri kwenda?

Nianze na ule mbaya: kipindi cha mwaka mpya wa Kichina. Tarehe yake hufuata mwezi wa angani, kwa hiyo huhama kila mwaka kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Mwaka 2026 iliangukia Februari 17, na mwaka 2027 ni Februari 6. Viwanda hufungwa wiki mbili na zaidi, wafanyakazi hurudi mikoani kwao, na wengine hawarudi kiwanda kilekile. Oda iliyowekwa wiki mbili kabla ya sikukuu hushonwa kwa haraka, na haraka hiyo utaiona kwenye pindo. Kuanzia Oktoba 1 pia kuna mapumziko ya kitaifa ya karibu wiki nzima.

Halafu hesabu ukirudi nyuma kutoka siku unayotaka kuuza. Mapazia yangu hutoka sana kabla ya Idi na kabla ya Krismasi. Meli huchukua mwezi na zaidi, kiwanda huomba wiki tatu hadi tano, bandarini unahitaji siku za kutosha. Anayetaka kuuza Desemba na akasafiri mwishoni mwa Oktoba amechelewa.

Maonyesho ya Canton yananifaa, au niende masokoni moja kwa moja?

Maonyesho hayo ya biashara ya Guangzhou yalianza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, na kila msimu una awamu tatu za siku tano tano. Watu wengi hukosea awamu. Awamu ya kwanza, inayoanza Aprili 15 au Oktoba 15, ni ya vifaa vya umeme, mashine, magari na zana. Ya pili, inayoanza tarehe 23, ni ya vyombo, zawadi, fanicha na vifaa vya ujenzi. Ya tatu, Mei 1 hadi 5 au Oktoba 31 hadi Novemba 4, ni ya nguo, viatu, vitambaa vya nyumbani na vitu vya watoto. Muuza viatu akifika Oktoba 15 atatembea katikati ya jenereta na taa mpaka miguu iume. Jisajili kwenye tovuti ya maonyesho ukiwa bado nyumbani, kwa pasipoti na picha yako.

Ila uelewe: pale unakutana na viwanda, na kiwanda hutaka oda kubwa ya kila rangi. Mwenye mtaji wa kati masoko yanamfaa zaidi. Vitambaa viko Zhongda, ng'ambo ya chuo kikuu cha Sun Yat-sen, na treni ya chini ya ardhi namba 8 inakushusha hapo. Nguo ziko Baima, jirani na stesheni kuu ya reli, na saa na viatu viko Zhanxi, eneo hilohilo. Fanicha ni Lecong, mjini Foshan. Simu na vipuri vyake ni Huaqiangbei, Shenzhen. Vitu vidogo vidogo vya kila aina ni Yiwu, lakini Yiwu iko mkoa mwingine kabisa, Zhejiang, na hata kwa treni ya kasi sehemu kubwa ya siku inaishia njiani. Usipange Guangzhou na Yiwu ndani ya siku tano, utachoka na utanunua vibaya kote kuwili.

Pasipoti na viza nianze lini?

Miezi miwili kabla. Pasipoti iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita na kurasa tupu. Viza ya biashara ni ile ya herufi M, na inataka barua ya mwaliko kutoka kwa kampuni ya kule au kutoka kwenye maonyesho. Jina kwenye barua lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu, mara Hamisi mara Khamis, tunaumia hapa. Kata tiketi ukiwa umeshaipata viza.

Beba pia kadi ya manjano. Ukipitia nchi yenye homa ya manjano unaweza kudaiwa kwenda au kurudi. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu mwaka 2016 ni ya maisha, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kadi yako ya zamani imekwisha muda.

Tiketi yangu imeandikwa tarehe 14, saa 00:40. Niende uwanjani lini?

Jioni ya tarehe 13! Nalijibu swali hili kwa sauti kubwa kwa sababu nimeona mtu amekaa na masanduku yake sebuleni tarehe 14 jioni, ameaga majirani wote, na ndege yake iliondoka usiku uliopita.

Saa zetu za Kiswahili huhesabu kutoka macheo na machweo, na wazee wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha ule unaoamkia Ijumaa. Tiketi haijui hayo. Kwake siku mpya huanza saa sita usiku. Saa 00:40 ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo tarehe 13 saa tatu usiku uwe tayari uwanjani. Andika kwenye karatasi kwa saa zetu, na siku ya wiki, ubandike mlangoni. Na ukipanga miadi na Wachina, taja saa kwa tarakimu zao: "saa tatu" yako, mkalimani aliyejifunza Kiswahili chuoni anaweza kuipeleka kwenye tatu ya usiku wa manane.

China nzima hutumia saa moja tu, nayo iko mbele yetu kwa saa tano. Kariakoo ikifungua saa tatu asubuhi, Guangzhou ni saa nane mchana.

Nibebe fedha taslimu?

Kidogo. Ukitoka Tanzania na dola 10,000 au zaidi, au thamani yake, lazima utoe taarifa forodhani. Ukiingia China na zaidi ya dola 5,000 taslimu, napo lazima utoe taarifa. Kutoa taarifa si kosa, kosa ni kuficha. Lakini zaidi ya sheria, mtu anayetembea na bahasha nono kiunoni hafikirii bei, anafikiria bahasha.

Malipo makubwa yapite benki, kutoka akaunti ya biashara yako kwenda akaunti ya kampuni. Matumizi ya kila siku kule ni simu: Alipay na WeChat, mpaka muuza viazi vitamu wa barabarani. Zote mbili zinakubali Visa na Mastercard za nje. Malipo ya chini ya yuan 200 hayakatwi kitu, yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3. Ziunganishe ukiwa bado nyumbani, kwa sababu benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Tanzania, na WeChat wakati mwingine hudai mtu aliyekwisha kuwa mtumiaji akuthibitishe. Iambie benki yako pia kwamba unasafiri, kadi isije ikafungwa. Na yuan mia chache za karatasi ziwe mfukoni kwa siku ambayo simu itazima chaji.

WhatsApp inafanya kazi?

Kwa intaneti ya hoteli au laini ya Kichina, hapana. WhatsApp, Google, Facebook na Instagram zimefungwa kule. Laini ya nyumbani ikiwa kwenye huduma ya nje ya nchi kwa kawaida hupita, ila bando lake ni ghali, kwa hiyo ulizia bei kabla. Wawekee WeChat mapema wale wawili watatu unaowahitaji: mwenzi wako, kijana wa dukani, wakala wa mizigo. Pakua programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila mtandao, na anwani ya hoteli uwe nayo kwa maandishi ya Kichina, kwa sababu dereva wa teksi hasomi "Xiaobei Lu" yako.

Waafrika hufikia wapi? Na chakula?

Wengi hufikia Xiaobei au Sanyuanli. Kuna mahoteli ya bei ya kati, chakula cha halali, mawakala wa mizigo, na Kiswahili utakisikia njiani. Ijumaa wengi huenda kuswali Xianxian, msikiti wenye kaburi linalonasibishwa na Saad bin Abi Waqqas. Wakatoliki huenda kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu. Nawashauri wageni wafike sehemu hizo siku ya kwanza, kwa ibada na pia kwa sababu hapo utamkuta Mtanzania atakayekwambia wakala gani sasa hivi amechelewesha makontena ya watu. Habari hiyo hutaipata kwenye tangazo.

Ukifikia hotelini, hoteli ndiyo inayokuandikisha polisi. Ukilala kwa ndugu au kwenye nyumba ya kupanga, ni wajibu wenu kuandikisha ndani ya saa 24. Watu hulipuuza hili, halafu linawagharimu faini na maneno.

Mkalimani ni lazima?

Safari ya kwanza, ndiyo. Mlipe kwa siku, na mkubaliane kwa maandishi kwamba hachukui kamisheni dukani. Akichukua, kamisheni hiyo inaingia kwenye bei yako. Dalili ni hii: anakuvuta kwenye duka lilelile mara tatu, na bei inatajwa baada ya wao wawili kuongea kwa muda mrefu. Mpe kikokotoo muuzaji akuandikie bei mwenyewe.

Nitajuaje kwamba nitakachopokea ndicho nilichokiona?

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka mmoja nilichagua kitambaa kizito cha kuzuia jua. Sampuli ilikuwa nzito, ukiikunja inaanguka kwa uzito wake, ukiiweka mbele ya taa huoni kitu. Nililipa asilimia 30, nikarudi nyumbani na picha na tabasamu. Mzigo ulipofika Dar, nilifungua robota la kwanza nikasikia kabla sijaona: kitambaa kilipiga kelele kama karatasi. Nilikipandisha dirishani, nikaona vidole vyangu upande wa pili. Rangi ileile, ua lilelile, uzito umepungua karibu theluthi moja. Muuzaji aliniambia hiki ndicho ulichoagiza, na mimi sikuwa na cha kumwonyesha zaidi ya picha. Nilikiuza kwa bei ya kutupa.

Tangu hapo nafanya hivi. Sampuli naikata katikati. Mimi na muuzaji tunaandika tarehe na namba ya oda pembeni ya vipande vyote viwili, anapiga muhuri mwekundu wa kampuni juu yake, kimoja kinabaki kwake, kimoja kwangu. Naandika kwenye mkataba uzito wa gramu kwa mita ya mraba, upana wa jora na urefu wake. Nina mzani mdogo wa mkononi, nakata kipande cha sentimita 10 kwa 10, napima, nazidisha kwa 100. Kitambaa cha gramu 280 kwa mita ya mraba kitasoma gramu 2.8. Muuzaji akikuona unapima, bei na lugha yake vyote hubadilika.

Salio la asilimia 70 silipi mpaka mtu wangu amefika kiwandani, amechagua mwenyewe majora ya kufungua, na amenitumia video akipima. Afungue yale ya chini na ya katikati, yale ya mlangoni huwa mazuri siku zote. Gharama yake ni ndogo kuliko robota moja bovu.

Kwa bidhaa nyingine tafuta kipimo chake: uzito wa sufuria, unene wa bati, urefu halisi wa waya wa umeme. Kila kitu kina namba ambayo mwizi ataipunguza kwanza. Itafute namba hiyo, iandike.

Nikipewa akaunti ya benki, niamini?

Jina la akaunti lifanane na jina lililo kwenye leseni ya biashara ya kampuni. Leseni ya Kichina ina namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18. Iombe, mpe mtu wa kule aiangalie. Ukipata ujumbe kwamba "akaunti imebadilika, lipa hii mpya", simama. Piga simu ya video, mwone yule uliyekaa naye mezani, akuambie kwa mdomo wake.

CBM ni nini hasa? Wakala ananitajia tu.

Ni mita ya ujazo, nayo ndiyo meli inayokutoza. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni 0.6 × 0.5 × 0.4, yaani 0.12. Katoni 100 ni CBM 12. Kontena la futi 20 linachukua takriban 28 ukipanga vizuri, futi 40 lile refu takriban 68. Ukiwa na chini ya hapo unachangia kontena na wengine.

Uliza ukubwa wa katoni kabla hujapatana bei. Vikombe vya bei rahisi vilivyopangwa kwa nafasi kubwa vinaweza kukugharimu meli kuliko vikombe vyenyewe. Mapazia ni kinyume chake, yakifungwa marobota yaliyobanwa hupungua sana. Kiambie kiwanda kiyabane. Andika alama yako kwenye kila katoni, pande mbili, kwa wino usiofutika, na upige picha.

Ushuru nitalipa kiasi gani?

Hesabu huanzia kwenye thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli. Bidhaa zilizokamilika katika Afrika Mashariki kwa kawaida hutozwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna daraja la asilimia 35 kwa baadhi, zikiwemo nguo na vitambaa. VAT ya asilimia 18 huja juu ya jumla hiyo. Mzigo wa milioni 1 kwenye asilimia 25 una ushuru wa 250,000, kisha VAT ya 225,000, na bado kuna tozo ndogo ndogo. Muulize wakala wa forodha kwa bidhaa yako yenyewe, kabla ya kusafiri.

Uliza pia kama bidhaa inahitaji cheti cha ubora cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kinachotolewa kulekule kabla ya kupakia. Na tafadhali, achana na nembo za watu. Viatu vyenye alama ya kampuni kubwa kwa bei ya ndala ni bandia, na Tume ya Ushindani ikivikamata huharibiwa. Mtaji wa kikoba ni jasho la watu wengi, usiuchome hivyo.

Duka nimwachie nani?

Mtu mmoja, awe ndiye mwenye neno la mwisho. Hesabu mzigo pamoja naye siku moja kabla, mwandike, mtie saini wote. Malipo yaingie kwenye lipa namba ya duka ambayo unaona ujumbe wake popote ulipo, na namba ya siri usimpe mtu, hata mdogo wako wa tumbo moja. Panga saa maalumu ya kupiga. Mimi hupiga jioni ya Kariakoo, ambayo kule ni usiku. Niliwahi kupokea simu za dukani mchana kutwa nikiwa naongea bei, na nikakubali bei ambayo nikiwa nimetulia nisingeikubali.

Nikiugua kule?

Kata bima ya safari, kwa sababu hospitali nyingi hutaka uweke fedha kwanza. Dawa zako zibaki kwenye vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari.

Ukipata homa, sema mara moja kwamba unatoka Tanzania na kwamba inaweza kuwa malaria. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa haina malaria mwaka 2021, kwa hiyo daktari wa pale huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria. Atafikiria mafua, na wewe utapoteza siku ambazo huna. Liandike neno hilo kwa Kichina kwenye simu yako kabla ya kuondoka.

Jirani ameniomba nimpelekee kifurushi kidogo tu.

Kataa. Hata kama ni shangazi. Kwa sheria ya China, gramu 50 za heroini zinatosha kwa adhabu ya kuanzia kifungo cha miaka 15 hadi kifo, na "nilipewa tu" haikuokoi. Begi lifunge mwenyewe, kufuli uweke mwenyewe.

Kwenye begi la mkononi wakati wa kurudi niweke nini?

Vipande vya sampuli vyenye muhuri, mikataba, risiti za benki, stakabadhi ya wakala yenye alama yako na idadi ya katoni. Sanduku likipotea, hivi visipotee. Betri ya kuchajia simu pia ni ya mkononi, isizidi saa-wati (Wh) 100. Kama utapanda ndege ya ndani ya China, tangu Juni 28, 2025 lazima betri iwe na alama ya 3C, yaani ya usalama ya China, la sivyo inabaki mezani kwa mkaguzi.

Na kwenye ndege, kabla hujalala, toa daftari uandike matumizi yote ya safari ukiwa bado unayakumbuka. Yagawe kwa idadi ya pisi ulizonunua. Namba hiyo ibandike juu ya mkataba, kwa sababu kontena likifika na wateja wakianza kukushusha bei, ndiyo utakayoitazama.